Wiki Yangu ya Ushindi kwa Mama Jailos

Jumanne, 1 Julai 1975

Nimefika Iringa alasiri. Kiti cha mbele kutoka Mbeya, kama inavyostahili. Vumbi kidogo kwenye kofia. Suti salama.

Naandika mpango wangu mapema ili baadaye asitokee mtu wa kusema mambo yalitokea yenyewe. Mwanangu wa kwanza, Lutengano, karani wa ofisi ya maji hapa mjini, alioa mwaka jana bila kunisikiliza. Nilimwambia amwache yule msichana wa Kibena. Sina chuki na Wabena. Lakini kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hawapishani njiani, hawali pamoja, wala hatamki jina lake. Hiyo ndiyo heshima. Msichana wa Njombe atayajulia wapi mambo haya? Lutengano akaoa. Sikwenda harusini. Hata sura ya huyo mke siijui.

Sasa wamepata mtoto wa kiume, na Jumapili anabatizwa. Mjukuu wangu wa kwanza! Mama Lutengano kule Tukuyu alilia wiki nzima, kisha akaacha kulia akasema nisipokwenda nitajipikia mwenyewe. Nilijipikia siku mbili. Nimekuja.

Ila nyumbani kwa Lutengano sikanyagi. Mzazi haendi kubisha hodi kwa mtoto. Nitakaa gesti, katikati ya mji, mahali pa kuonekana, mpaka aje mwenyewe kusema baba nimekosa. Kisha nitampa mtoto jina langu, Andendekisye. Siku tano zinatosha sana.

Gesti ni ile ile ya Mama Jailos, karibu na soko. Nilipokuwa chuo cha ualimu hapa, mwaka 1952, tulikuwa tukipita Jumapili kunusa maandazi yake dirishani, maana senti hatukuwa nazo. Niliapa siku moja nitalala humu kama bwana. Haijabadilika! Vyumba sita, kila mlango na rangi yake, kwa kuwa Mama Jailos hununua rangi zilizobaki kwa mafundi. Chakula kikiiva anapiga kengele ya baiskeli. Ukutani kuna ubao wa sheria. Ya saba inakataza kukausha soksi juu ya jiko la mikate.

Nilimsalimia nikamwuliza kama ananikumbuka. Alinitazama sana. Akasema ndiyo, mimi ndiye yule mwanachuo aliyetumbukia kwenye pipa lake la maji akichungulia jikoni. Nimemwambia ananichanganya na mwingine. Pipa bado lipo pale pale.

Chumba namba moja, chenye dirisha la barabarani, kimechukuliwa na mfugaji mmoja Msukuma kutoka Usangu, Shija, jitu la miraba minne lililokuja kuuza ng'ombe. Mimi nimepewa namba mbili. Nimeletewa chai na mpishi, msichana mwenye mtoto mgongoni, akanitazama machoni akauliza vijiko vingapi vya sukari. Vinne. Chai nzuri. Kisha nikajaza kitabu cha wageni: jina kamili, kabila, kutoka Tukuyu, mwalimu mkuu, miaka ishirini na miwili kazini. Maelezo yamevuka mstari wangu yakaingia wa Shija.

Jumatano, 2 Julai

Kitanda cha namba mbili kina bonde katikati. Nimelala nimekunjika, nimeamka nimekunjika. Baridi ya Julai hapa haina adabu.

Maji ya moto huchemshiwa uani, na kila debe likitoka, Mama Jailos huongeza maji ya bomba. Kwa hiyo debe la kwanza ni la moto, la pili vuguvugu, la tatu ni adhabu. Saa kumi na mbili nikatoka na taulo. Shija alikuwa ameshawahi, anaoga huku anaimba! Kesho nitamwahi.

Asubuhi nimeanza mpango. Suti, kofia, miwani ya kusomea. Nikapita mbele ya ofisi ya maji, polepole, ili Lutengano achungulie, anione, atoke mbio. Nikapita mara ya pili. Mara ya nne mlinzi akanishika mkono kwa upole akasema usione haya mzee, foleni ya waliokatiwa maji ni ile pale. Nikakataa. Akasema wote huwa wanakataa. Nikasimama nyuma ya akina mama kumi na mmoja mpaka dirishani. Karani hakuwa Lutengano. Lutengano yuko likizo mpaka Jumatatu kwa ajili ya ubatizo. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma, nikaona aibu kuondoka mikono mitupu. Nimeandikisha malalamiko kuhusu bomba la nyumba nisiyoimiliki.

Lakini jambo la kunifariji. Sifa zangu zimeenea! Mpishi amesoma kitabu cha wageni jana jioni, na tangu hapo hathubutu kusimama mbele yangu. Chai anaiweka nje ya mlango, anagonga, nasikia miguu inakimbia. Mchana tulikaribia kugongana kwenye korido. Akageukia ukutani, akajitanda kanga uso mzima, akachuchumaa chini mpaka nikapita. Ndoo ya maji ikamwagika, hakujali. Hata Tukuyu sijapata kuheshimiwa hivi. Vyeo vina nguvu, hasa vikiandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mama Jailos ameniuliza nimemfanya nini msichana wake. Nimemwambia sikumfanya kitu. Kuna watu wana uzito wao.

Dosari moja tu: mtoto wa mpishi. Ana sauti ya tarumbeta. Nimetoa taarifa rasmi, ya mdomo, kwamba watumishi waache watoto wao kwa bibi zao.

Alhamisi, 3 Julai

Niliamka saa kumi na moja na nusu. Shija alikuwa anatoka bafuni, anafuka mvuke. Akanisalimia kwa furaha. Sikumjibu kwa furaha.

Mpango wa pili: ugonjwa. Mtoto gani atakaa kimya baba yake akiugua ugenini? Wakati wa chai nikajishika kifua nikatangaza kwa sauti kwamba sijisikii vizuri, na kama kuna mtu anamjua ndugu yangu hapa mjini, basi ndugu huyo ajue. Nilitegemea habari itoke nje. Badala yake Mama Jailos aliingia. Akachemsha sufuria la majani ya mkaratusi, akanikalisha juu ya kigoda, akanifunika mablanketi matatu, akamwambia Shija ashike pembe zake nisitoke. Nilipiga kelele nimepona. Wakasema wagonjwa wote husema hivyo.

Nikalala mpaka alasiri nikiwa dhaifu kweli. Ikaja supu ya kuku, imewekwa nje ya mlango, na kubisha, na miguu inayokimbia. Pilipili nyingi, ndimu mbili, kama ninavyopenda mimi! Huyu mpishi ana kipaji. Sijui nani alimwambia.

Jioni, saa kumi na moja, mume wa mpishi huja kumchukua. Jana pia alikuja. Anasimama nje ya ua, nyuma ya nyumba, amevaa koti kubwa lililosimamishwa kola, anakohoa kidogo, hasogei. Nimemwona kisogo kupitia kioo kichafu cha dirisha la korido. Haingii kusalimia wageni! Sijui wazazi wake walimlea vipi.

Wakati huo huo Mama Jailos akaniuliza, pale pale kwenye korido, kama sina mtoto hapa Iringa. Nikaona nafasi. Mji huu maneno husafiri. Nikapaza sauti, nikasema sina mtoto. Niliyekuwa naye alipotea njia, na mimi siendi kutafuta kilichopotea chenyewe. Nililisema vizuri, kwa kituo, kama darasani. Shija alikuwa anacheka jambo fulani sebuleni. Akaja mlangoni kunitazama.

Yule kijana wa koti akaondoka bila kumsubiri mkewe. Adabu sifuri.

Ijumaa, 4 Julai

Lutengano hajaja.

Uji wa asubuhi ulikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhia samaki. Nyanya mchana, nyanya jioni, maana kaka yake Mama Jailos analima Ilula na humletea matenga. Jikoni kulikuwa na mtu anavuta kamasi siku nzima. Moshi, nadhani. Kuni mbichi.

Mtoto naye alilia mpaka Shija akaenda kumchukua. Akaja naye sebuleni amemlaza juu ya mkono mmoja, mtoto kimya, ameshika kidole cha Msukuma. Nikamtazama kwa mara ya kwanza. Kichwa kikubwa kupita kiasi. Masikio yamesimama. Shija akaniambia nimpokee kidogo. Nikasema suti hii ni ya kitambaa cha sufu. Akasema mtoto huyu anafanana na mtu. Nikauliza nani. Akanitazama, akatazama mtoto, akacheka mpaka meza ikatikisika. Wafugaji hucheka hovyo.

Baada ya hapo nilikaa chumbani peke yangu. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilimsikia yule mtoto akicheka huko sebuleni, nikafikiri kwamba na mimi nina wangu, mahali fulani katika mji huu, na kicheko chake sikijui. Nimefundisha watoto wa watu maelfu. Bado siku mbili, na kama Jumapili itapita hivi hivi, nitarudi Tukuyu kumwambia nini mama yake? Niliumia. Halafu nikakumbuka kwamba mwenye kukosa si mimi, nikapata nafuu.

Jumamosi, 5 Julai

Siku kubwa. Naiandika kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi Mama Jailos aliingia chumbani bila hodi akasema nihame kabla ya saa sita. Nikashtuka. Akasema mpishi wake anafanya kazi amejifunika mpaka machoni tangu Jumanne, ameunguza maharage mara mbili, jana ametia uji chumvi huku analia, na leo amesema ataacha kazi. Nikamwambia namwonea huruma, lakini heshima ya mtu haiachwi kwenye begi. Mama Jailos akaketi juu ya kitanda changu, bonde likammeza, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma chuo gani lakini? Huyo ni mkweo. Huyo ni Yudith, mke wa Lutengano."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama.

Akaendelea. Jumanne Yudith alinipa chai bila kunijua. Jioni akasoma kitabu cha wageni, akadondosha kikombe. Lutengano alikuwa amemfundisha mila zetu zote tangu wachumbiane, naye anazishika kuliko amri kumi. Alimwomba Mama Jailos asiniambie, kwa hofu kwamba nikijua ameniona uso nitakataa kuja kwenye ubatizo. Na yule wa koti ni Lutengano. Alikuja jioni mbili, akasimama kwenye ua akisubiri baba yake aseme neno moja tu la kumwita. Alhamisi alisikia neno nililosema.

Mama Jailos akatoka. Nikajifungia. Nililia. Mwanzoni nilisema ni mafua ya mkaratusi, lakini nililia kwa ajili ya Lutengano aliyesimama kwenye baridi amesimamisha kola.

Kisha nikaanza kufikiri vizuri. Yule mtoto! Kichwa kikubwa ni cha akili. Mimi pia ninacho. Masikio yamesimama kwa usikivu. Sauti ile ni sauti ya kiongozi. Na mkwe! Kuna msichana gani wa Tukuyu leo hii angemwaga ndoo nzima ya maji kwa ajili ya baba mkwe? Nina mkwe bora Nyanda za Juu nzima. Kifua kilinijaa.

Saa sita nikaenda kwenye mlango wa jikoni kuzungumzia jina. Yudith upande wa ndani nyuma ya pazia, mimi upande wa korido, Mama Jailos katikati. Nikasema, naye akarudia yale yale, ingawa pazia lilikuwa jepesi na sote tulisikiana vizuri. Nikasema mtoto aitwe Andendekisye. Kisha Mama Jailos akaleta jibu: mkwe anasema ni heshima kubwa, ila anaomba kuuliza. Yeye mwiko kutamka jina la mzee. Sasa mtoto akienda kwenye moto atamwita nani? Uji ukiiva atamwita nani?

Mtihani ulinishinda. Mimi, niliyetunga mitihani ya wilaya! Mama Jailos akasema jambo rahisi, nimfungulie binti mwiko, yaishe. Nikamwambia haiwezekani. Mtu ameshinda mashindano namna hii halafu umnyang'anye kombe? Yudith nyuma ya pazia akasema, kupitia Mama Jailos, kwamba hata yeye hataki kufunguliwa. Aliutaka mwiko huo, maana ndio unaomfanya awe mtu wa kwetu.

Nilirudi chumbani nikakaa kwa muda wa saa mbili. Akilini nilimwona mtoto yule, amekua kidogo, akitambaa kuelekea jiko, na mama yake amefumba mdomo. Nikarudi mlangoni. Nikasema mtoto apewe jina ambalo mama yake anaweza kuliita. Kama lipo la upande wake, sawa. Nilisikia analia tena, safari hii bila kuni. Akasema baba yake marehemu, mkulima wa Njombe, aliitwa Yotamu.

Yotamu basi.

Saa kumi na moja Lutengano akaja nyuma ya ua. Shija alikuwa amempelekea habari kwa baiskeli ya Mama Jailos, kengele ikilia njia nzima. Akasimama mlango wa nyuma. Mimi mlango wa mbele. Hakuna aliyesogea. Mwanangu amekonda. Mama Jailos akasema korido yake ina hatua kumi na mbili, kila mtu apige sita, asitusumbue. Tukaenda. Nilihesabu kwa makini: Lutengano alipiga saba, mimi tano. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja kwangu. Akasema shikamoo baba, akataka kupiga magoti, nikamwinua kabla hajafika chini. Nilimshika tu lile koti.

Shija anasema mimi nilipiga hatua tisa, na kwamba nilikimbia. Shija anajua kuhesabu ng'ombe tu.

Jumapili, 6 Julai

Shija aliniachia debe la kwanza. Nimeoga maji ya moto! Nilikaribia kumpenda.

Kanisani kulikuwa na shida moja. Yudith anapeleka mtoto mbele, nami sitakiwi kumwona. Nikatatua papo hapo: Shija, ambaye si mtu wa kanisa, alikubali kukaa benchi lililo mbele yangu. Mgongo wake unaziba madhabahu, kwaya na mchungaji. Ubatizo mzima nimeuona ni shati la Shija. Lakini nilisikia. Mchungaji akauliza jina, na sauti ya mwanamke ikajibu Yotamu, wazi, bila woga.

Nje, Lutengano akamleta mtoto kwangu. Akina mama walikuwa wamemsindikiza Yudith upande wa pili wa jengo. Nikampokea. Mzito! Akanivua miwani, akaitia mdomoni, akanilowesha suti ya sufu kuanzia mfukoni kwenda chini. Nikasema aachwe, asisumbuliwe, ni maji tu.

Wazee wa kanisa wakauliza nani amechagua jina zuri hivyo. Nikakumbuka kwamba Yotamu alikuwa mfalme wa Yuda. Mfalme! Nikawaambia nilifikiri muda mrefu kabla ya kulichagua.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Nimeaga. Mama Jailos amenipa tenga dogo la nyanya. Yudith ameniachia maandazi yaliyofungwa kitambaani juu ya kigoda nje ya mlango, akagonga, akakimbia. Miguu yake sasa naifahamu. Nimesema asante kwa sauti kuelekea jikoni, na Mama Jailos akaifikisha.

Nikiwa kituoni, kondakta wa basi la kutoka Mbeya akanikabidhi barua ya Mama Lutengano. Anamsalimu mjukuu. Anasema mwana wetu wa pili, Asukile, fundi wa reli pale Makambako, amepata mchumba, binti wa mchimba dhahabu wa Chunya. Ananiomba sana, kwa jina la Mungu, nisiseme neno mpaka nifike nyumbani.

Chunya! Vumbi tupu! Binti aliyekulia machimboni atajua nini kuhusu mila za watu? Nimechukia mpaka nyanya mbili zimepasuka.

Lakini sina wasiwasi. Nimemwambia kondakta wa basi langu anishushe Makambako, nikamwuliza kama kuna gesti. Anasema ipo moja, karibu na stesheni, vyumba vinne. Nitachukua chenye dirisha la barabarani na kukaa humo mpaka Asukile aje mwenyewe. Njia hii nimeijaribu Iringa, na imefanya kazi barabara.